Shaibu Amesimama Wima

Usiku ule nililala sakafuni. Kitanda kilikuwa kimenishinda tangu jioni, baridi ya Njombe ilipoanza kushuka na ukungu wake. Mke wangu, mama Neema, alinisaidia kushuka chini kama anavyofanya siku mbaya: ananishika kwapani, mimi napiga goti moja, kisha la pili, kisha najigeuza polepole kama gogo mpaka mgongo unakutana na mkeka. Akanisukumia mto chini ya magoti, akanifunika.

"Kesho utaweza kwenda kweli, baba Neema?"

"Nitaenda hata kwa kutambaa."

Alinitazama usoni. Akaizima taa.

Hakujua, au mimi nilidhani hakujua, kwamba mkanda wangu wa mgongo uliotundikwa ukutani ulikuwa na kisu. Mkanda ule una vijifuko vya ndani vyenye vipande vya chuma vinavyoshikilia kiuno. Nilikuwa nimechomoa kipande kimoja, mahali pake nikaingiza kisu cha jikoni, kile chembamba cha kuchunia nyama. Kesho yake nilikuwa nimealikwa kusimama jukwaani kando ya mtu. Nilikusudia asishuke akiwa mzima.

Niseme kwanza mtu huyo ni nani, maana bila yeye ndoto niliyoota usiku ule haina maana.

Mimi ni askari mstaafu. Nilipokuwa kijana nilikuwa kwenye kikosi cha mizinga midogo, ile ambayo askari huibeba vipande vipande. Mmoja anabeba mtutu, mwingine miguu yake, mwingine kitako. Kitako ni bamba la chuma la kukalia mzinga, na ndicho kipande ambacho hakuna anayekitaka. Mimi na rafiki yangu Shaibu, mtoto wa Masasi, tulikuwa na vifua vipana, kwa hiyo vitako vilikuwa vyetu. Shaibu alikuwa mtu wa mzaha. Alikiita kitako chake "bibi harusi," na kila asubuhi akikipandisha mgongoni anakiuliza kama kimelala vizuri.

Ofisa wetu alikuwa Luteni Mkolongo. Masika moja tulikuwa mazoezini milimani, na lori lilikuwepo la kubeba silaha nzito. Luteni akalichukua lori lile likapeleke mbao za nyumba aliyokuwa anajijengea. Sisi akatuambia tubebe kila kitu mgongoni, tuvuke mlima. Mvua ilinyesha siku zote zile. Njia ilikuwa tope la kuteleza kama mlenda. Kwenye korongo moja Shaibu aliteleza mbele yangu, mimi nikamfuata, tukaporomoka wote na vyuma vyetu mpaka chini. Nilisikia kitu kiunoni kikilia kama ukuti mkavu unapovunjwa. Shaibu alikuwa amelala kifudifudi, kitako kiko juu yake, akasema, "Mligo, bibi harusi kanikalia." Alitaka kucheka, ikashindikana.

Luteni alikuja, akatusimamia. Tulipomwambia hatuwezi kunyanyuka alisema tunajifanya. Akasema, "Mgongo wa askari ni wa kubebea." Akatuamuru tubebe tena, na tukabeba. Ilikuwa amri. Tuliporudi kambini tabibu alituandikia mapumziko, Luteni akayafuta, akatupeleka mazoezi mengine na vyuma vilevile.

Mimi nilipona nusu, nikahamishiwa stoo, nikastaafu nikiwa stoo. Shaibu hakupona. Ganzi ilimwanza kwenye nyayo, ikapanda magotini, ikafika pasipotajwa mbele za watu, akawa hawezi kuzuia haja ndogo wala kubwa. Akarudishwa kwao Masasi kwa mama yake. Nilimfuata huko mara moja akiwa hai, nimelala kwenye kiti cha nyuma cha basi safari nzima. Nikamkuta kalala kifudifudi, maana mgongo wake wote ulikuwa vidonda vya kitanda. Alikufa muda mfupi baadaye, nikarudi kumzika. Mazikoni Mkolongo alikuja, sasa akiwa meja, na sare zake zimepigwa pasi. Alisimama kaburini akasema marehemu alikuwa askari mtiifu, ila ugonjwa wake ulikuwa wa ukoo. Wa ukoo! Mama yake Shaibu alikuwa amekaa pale chini, anatikisa kichwa, hana nguvu ya kubisha.

Nami nimebaki na huu mgongo. Daktari alinionyesha picha yake akaniambia pingili za chini zimelika, nyama laini za katikati zimekauka, sasa mfupa unasaga mfupa, na kila mwaka utakuwa mbaya kuliko uliopita. Kuishi nao ni hivi: nikitaka kupiga chafya, kwanza natafuta ukuta wa kushika. Soksi navishwa na mke wangu. Chooni nimetengenezewa kiti chenye tundu, maana kuchuchumaa naweza, ila kunyanyuka mpaka niite mtu, na hakuna aibu kama kuita mtu ukiwa chooni. Mjukuu wangu akinyoosha mikono nimbebe, namwambia babu amechoka. Siku moja nilimsikia akimwambia mwenzake, "Babu yangu amezaliwa amechoka." Na njiani watu wananiona na kifua hiki kipana, mke wangu ana ndoo kichwani na nyingine mkononi, mimi natembea mikono mitupu. Najua wanachosema.

Basi mwaka huu Mkolongo, naye kastaafu, akarudi nyumbani, hapahapa kijijini, kugombea udiwani. Akaanza kukusanya askari wake wa zamani wasimame naye mkutanoni, waeleze alivyowapenda. Alikuja mpaka kwangu na sukari na blanketi. Akaniita ndugu yangu. Akaniuliza mgongo unaendeleaje, kwa mdomo uleule uliosema tunajifanya. Mke wangu akamkaribisha chai, nami nikamwambia nitakuja mkutanoni, nitasimama na wewe. Akanipigapiga begani kwa furaha. Maumivu ya kile kiganja yalishuka mpaka kisiginoni, na mimi nikatabasamu.

Ndiyo hali niliyolala nayo.

Sijui usingizi ulinichukua saa ngapi. Ninachojua ni kwamba nilijikuta kwenye uwanja wa gwaride wa kambi yetu ya zamani, mchana, jua kali, na udongo wa uwanja ni laini kama unga wa muhogo. Hakuna mtu. Kwa mbali namwona askari mmoja amesimama mguu sawa. Nikamfahamu kwa mgongo wake kabla hajageuka. Ni Shaibu. Amesimama wima, wima kama siku tuliyoapishwa, sare safi, miguu haina viatu.

Nilitaka kumkimbilia, nikakumbuka mimi si wa kukimbia. Akageuka. Uso wake haukuwa na mzaha.

"Mligo, inama."

Nikamwambia, "Shaibu, unajua siwezi."

"Inama."

Nikainama. Nikashuka, nikashuka, vidole vikagusa udongo, na hapakuwa na kitu. Hakuna kisu cha moto kiunoni, hakuna umeme mguuni. Nikakaa hivyohivyo nimeinama, nachota ule udongo kwa viganja, nalia kama mtoto. Nilikuwa nimesahau kwamba mtu anaweza kuigusa ardhi bila kuomba ruhusa.

Nilipoinuka uwanja haupo. Tuko mlimani, mvua inanyesha, na mgongoni nina kitako cha chuma, lakini chepesi kama ungo. Shaibu yuko mbele yangu, anapanda, hateremki wala hatelezi. Sauti ya lori inakuja nyuma yetu. Tunajitenga pembeni. Lori linatupita, limejaa mbao mpya, harufu ya mti wa msindano imejaa njia nzima, na juu ya mbao amekaa Mkolongo akila pera. Anatazama mbele. Haoni kwamba tupo.

Nikashusha chuma. Mkononi nina kisu, kile changu cha jikoni. Nikakimbia. Nakimbia! Nikalishika lori kwa nyuma, nikapanda juu ya mbao, nikamfikia. Aligeuka akaniona, akafungua mdomo, na mimi nikamchoma. Nikamchoma kwa ajili ya Shaibu, nikamchoma kwa ajili ya mama yake, nikamchoma kwa ajili ya soksi na chafya na kiti cha choo. Raha niliyoipata sitaificha. Ilikuwa raha ya maji baridi baada ya kiu ya miaka.

Lakini damu haikutoka. Pale nilipomchoma ikatoka sauti ya watu wakiimba. Nikatazama chini, zile mbao zimekuwa jeneza. Lori limesimama, watu wamejaa, wamevaa nguo nyeusi, wengine wana mashada ya maua. Bendera imefunika jeneza. Bunduki zinapigwa juu. Mchungaji anasema, "Tumempoteza kamanda mwenye upendo." Wanawake wanajitupa chini. Mtu akaniambia, "Wewe ulikuwa askari wake, njoo ubebe." Sikuweza kukataa, mikono mingi ilinisukuma, na jeneza likapandishwa mgongoni kwangu, lote, peke yangu.

Hapo maumivu yakarudi. Yakarudi yote mara moja, ya korongoni na ya miaka yote baada yake. Nikawa natembea nimepinda, uso karibu na ardhi, na nyuma yangu watu wanaimba sifa zake. Nikaona pembeni yangu miguu isiyo na viatu. Shaibu anatembea nami.

"Umeona?" akasema. "Umembeba tena."

"Nimemuua kwa ajili yako," nikamwambia.

"Umemfanya marehemu. Na marehemu husemwa vizuri." Tukapiga hatua. "Mimi tu ndiye niliyesemwa vibaya."

Nikataka kumwomba anisaidie kushika upande mmoja, kama zamani. Nikafumba macho kwa uchungu, nilipofumbua nimo kwenye chumba cha kwao Masasi. Dirisha dogo, joto, nzi. Shaibu yuko kitandani kifudifudi kama nilivyomkuta mara ile ya mwisho, na mama yake amekaa mlangoni, ameupa chumba kisogo, anapepeta mchele usiokuwepo kwenye ungo mtupu.

"Nifunue," Shaibu akasema.

Nikaogopa. Akarudia. Nikaishika kanga iliyomfunika, nikaitoa taratibu maana ilikuwa imegandana na nyama. Sitasema nilichokiona. Nilikuwa nimekwisha kukiona kwa macho nikiwa macho, na ndotoni hakikuwa tofauti hata kidogo.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Nani mwingine aliona?"

"Mama yako."

"Mama amekufa," akasema. Nikatazama mlangoni, hapakuwa na mtu, ungo tu. "Basi umebaki wewe. Wewe ukifungwa kwa ajili ya kisu, nani atasema? Watasema Mligo alikuwa kichaa, aliua mtu mwema. Na mimi nitabaki mgonjwa wa ukoo."

 Hasira yangu ilikuwa palepale, haikupungua, ila sasa haikujua pa kwenda, kama mbwa aliyefungwa.

Shaibu akainuka kitandani. Hakuinuka kama tunavyoinuka sisi wagonjwa, kwa kujigeuza na kujishikiza. Aliinuka tu. Akasimama mbele yangu, akanishika mabega, na viganja vyake vilikuwa na joto la mtu hai.

"Sijaja kukuambia usamehe. Mimi sijasamehe. Mwache aishi. Aishi sana, azeeke hapahapa kijijini, aende sokoni, aende kanisani, aende msibani. Lakini kila anapopita watu wajue. Asipate pa kuweka uso wake." Akanisogelea, akaninong'oneza sikioni, "Kesho watakupa kipaza sauti. Nitaje."

Nikaamka.

Kulikuwa kumepambazuka. Mgongo ulikuwa umekakamaa kama ubao, na mashavu yangu yalikuwa yameloa. Jikoni nilisikia mama Neema akikoroga uji. Nikamwita. Akaja, akanigeuza, akanipandisha kwenye kiti, na alipoushusha mkanda ukutani ili anifunge nikamwambia, "Subiri. Ndani kuna kitu chako."

Akaingiza vidole kwenye kijifuko, akachomoa kisu. Hakushtuka.

"Nilijua," akasema. "Tangu juzi nakitafuta jikoni. Nilikuwa nimeamua leo nisimame nyuma yako, niushike huo mkono."

"Ulinyamaza kwa nini?"

"Ningekuuliza ungenidanganya." Akakiweka kisu mezani. "Sasa nini kimekubadilisha?"

"Shaibu kaja."

Mama Neema akakaa. Alimfahamu Shaibu, alimpikia mara nyingi tulipokuwa kambini. "Kasemaje?"

"Kasema nimtaje."

Aliinuka. Kisha akakirudisha mahali pake kile kipande cha chuma nilichokuwa nimekichomoa, akanifunga mkanda, akaukaza vizuri kuliko siku zote. "Kunywa uji kwanza," akasema. "Usiende kumtaja mtu na njaa."

Mkutano ulikuwa uwanja wa shule. Askari wa zamani tulipangwa jukwaani nyuma ya Mkolongo, na yeye akaongea sana juu ya nidhamu na uzalendo. Kisha akaniita. "Huyu ni Afande Mligo, mnamfahamu, kijana wangu huyu. Afande, waambie wananchi nilikuwa kamanda wa namna gani."

Waliniletea kiti. Nilikikataa. Nikashika kipaza sauti, nikamtaja Shaibu, jina lake, la baba yake na la mama yake. Nikaeleza lori na mbao. Nikaeleza mlima, korongo, na amri ya kubeba tena. Nikaeleza vidonda nilivyoviona Masasi, na maneno yaliyosemwa kaburini. Sikupaza sauti. Nilisikia bendera zikipigwa na upepo.

Mkolongo akacheka, akaja kunipokonya kipaza sauti. "Jamani, mzee wetu anaumwa, tumhurumie."

"Ndiyo, naumwa," nikasema. "Nimetoka kuwaambia kilichoniumiza."

Vijana wake wakawasha muziki kunizima. Mama mmoja muuza maandazi akasimama mbele kabisa, mikono kiunoni. "Zimeni huo muziki! Mwacheni amalize!" Watu wakaanza kupiga kelele, na muziki ukazimwa. Ndipo mmoja wa wale tuliopangwa naye jukwaani, Komba, aliyekuwa dereva wetu kikosini, akasimama kutoka kwenye kiti chake.  Akasema bila kipaza sauti, "Anasema kweli. Lori nililiendesha mimi. Mbao nilizishusha mimi kwake."

Hapo nilimtazama Mkolongo usoni. Nilikuwa nimesubiri uso ule tangu ujana wangu, na nilijipa muda wa kuutazama.

Udiwani hakuupata, lakini si hilo lililomuuma. Anakaa hapahapa kijijini. Akiingia msibani, wazee wanaacha kuongea. Watoto wa shule wakimwona wanaulizana, huyu si ndiye wa mbao? Mama Neema huniletea habari hizi kutoka sokoni, nami huzisikiliza kama mtu anayekandwa kwa maji ya moto.

Jioni moja alikuja mlangoni kwangu, hana sukari wala blanketi. Alikuwa amekonda. Alisimama nje, mimi nimesimama ndani nimeshika fremu ya mlango.

"Mligo," akasema, "niambie nifanye nini ili yaishe."

"Nenda Masasi, kasimame kaburini pale uliposimama. Ukaseme ulivyodanganya, watu wa kule wasikie."

"Nikifanya hivyo utanisamehe?"

Nilimfikiria Shaibu na viganja vyake vya moto mabegani mwangu.

"Hapana," nikamwambia. "Utakuwa umesema kweli, basi."

Alibaki amesimama, labda akingoja niongeze neno.  Nikaufunga mlango polepole, kwa uangalifu, kwa sababu mgongo huu hauniruhusu hata kubamiza mlango.